Karibu, Hata Kesho

Kosa la kwanza la Mwantumu Shemdoe katika mji wa Tavrin lilikuwa kutembea.

Afisa wa bandarini, kijana mwenye nyusi nyeupe kama pamba, alimuuliza amekuja kufanya nini. Mwantumu akajibu kama ambavyo angejibu mtu yeyote wa Muheza aliyekwenda ugenini bila msiba, bila harusi na bila biashara.

"Nimekuja kutembea."

Koo la pili, ule mkanda mwembamba aliovalishwa shingoni akiwa bado kwenye foleni, likatetemeka juu ya ngozi. Likayanyakua maneno yake kabla hayajafika midomoni na kuyatoa kwa Kitavrin, kwa sauti yake mwenyewe, ila laini kuliko alivyozoea kujisikia. Afisa akauliza tena, na tafsiri ikamnong'oneza Mwantumu sikioni: kutembea tu? Kutembea tu, akasema, akatabasamu, kwa kuwa lilikuwa jibu la kweli na alikuwa amelisubiri kwa muda mrefu kulitoa.

Alipofika kituo cha treni ya mjini, mlango ulikataa kufunguka. Akajaribu basi. Basi likamweleza kwa adabu kwamba mgeni huyu alitamka kuwa amekuja kwenda kwa miguu, na mji wa Tavrin unaheshimu kilichotamkwa. Basi likaondoka zake.

Akapanda kilima hadi nyumba ya wageni na mkoba wake mgongoni, manyunyu yakimwingia shingoni, akicheka peke yake mwanzoni. Kufika katikati ya kilima kicheko kilikuwa kimekwisha.

Watu wa Tavrin hawakuzaliwa na ukali huo wa maneno. Zamani kidogo, mashine zilipojifunza kuiga sauti na sura ya mtu yeyote, mji huo uliokuwa ukiishi kwa kuaminiana ulijikuta hauwezi kuamini chochote. Baba alipiga simu akilia, kumbe si baba. Hakimu alitoa hukumu, kumbe hakimu amelala kwake. Ndipo wakatengeneza koo la pili. Mkanda ule hausikilizi sauti. Unasoma misuli ya shingo na mkondo wa pumzi, vitu ambavyo hakuna mashine iliyoweza kuvighushi. Lililopita kwenye koo limetoka kwa binadamu aliye hai, na lililotoka kwa binadamu aliye hai, wakaamua, ni tendo. Ukisema utakuja, umeshaanza safari. Kwenye kila kona wakasimamisha nguzo ya kijivu yenye taa ndogo, ya kuyapokea matendo hayo na kuyahifadhi. Tafsiri kwa ajili ya wageni iliongezwa baadaye, kama mtu anavyoongeza kibaraza kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa.

Mwantumu alikuwa ameyasoma hayo yote kabla ya kusafiri. Kusoma ni jambo moja. Jioni ile mwenye nyumba ya wageni, mzee mpole aitwaye Odvar, alimuuliza anajisikiaje, naye akajibu kwamba anakufa kwa baridi. Wauguzi walifika hata hajamaliza kufungua kamba za viatu. Wakampima, wakaandika kwamba hafi, wakamwomba asirudie.

Tangu hapo akaanza kuuogopa mdomo wake. Aliamka asubuhi akiyapanga maneno kichwani kama mtu anayepita juu ya mawe kwenye mto, akilijaribu kila moja kabla ya kulikanyaga. Hakusema njaa inamuua. Hakusema miguu haipo. Alipotaka kumwambia Odvar kwamba Mungu akipenda atarudi kabla ya giza, alinyamaza, maana hakujua koo lingemtwisha nani jukumu hilo.

Na bado hakutaka kurudi nyumbani. Alikuja Tavrin kwa sababu hakuna mtu wa Tavrin aliyemjua. Kwao Muheza nyumba haikuwahi kukosa watu: shangazi, watoto wa shangazi, jirani aliyeachika, mwanafunzi aliyekosa bweni. Utoto wake wote alilala mzungu wa nne, miguu ya mtu usoni pake. Alipoachana na mumewe alirudi humo humo, akanunua mashine ya pili ya kushona, na kwa kushona akajenga chumba kimoja uani, chenye mlango wake na ufunguo wake. Alikuwa amelala ndani yake kwa muda mfupi tu kabla ya safari. Usiku wa kwanza aliufunga mlango, akakaa kitandani gizani, akasikiliza mtu mmoja akipumua. Alikuwa yeye.

Ndiyo maana alikuja kutembea peke yake. Kuona kama kitu kile alichokisikia uani kipo na mahali pengine.

*

Siku ya tatu alipotea.

Tavrin ni mji wa ngazi. Mitaa inapanda, inajikunja, inashuka tena mahali usipotarajia, na madirisha marefu yenye ukungu yanafanana yote. Watu wanapita kimya. Mwantumu aliwaona vijana wawili, mvulana na msichana, wakiandikiana kwa vidole viganjani, na ilimchukua muda kuelewa kwamba hayo ndiyo maneno ambayo hawakutaka yawe matendo. Akajisikia mpweke kwa namna ambayo hakuwa ameiomba. Upweke wa chumba chake ulikuwa na ufunguo; huu ulikuwa wazi pande zote, na upepo unapita.

Alishuka ngazi moja akitumaini kuona bandari, akatokea chini ya daraja la mawe. Ukutani palikuwa na dirisha, na ndani ya dirisha mwanamke aliyemzidi umri kidogo, mwenye kitambaa cha bluu kichwani, akikoroga supu ya viazi kwenye sufuria kubwa. Mwanamke yule alimtazama mara moja, akajaza bakuli, akalisukuma mbele bila kuuliza.

"Dada, umeniokoa," Mwantumu alisema. Akatazama huku na huku kama wauguzi hawaji.

Mwanamke alikuwa ameacha kukoroga. "Koo lako limeniita dada," alisema.

"Ndivyo tunavyosema kwetu. Samahani kama nimekosea."

"Hujakosea. Letu halisemi tena." Akarudi kwenye sufuria. "Nyinyi bado hamjaulizwa."

Mwantumu hakuelewa, na supu ilikuwa ya moto, kwa hiyo alikunywa. Mwanamke aliitwa Ilke. Alitoka kwenye visiwa vya Sorrin, ambavyo sasa ni maji matupu, yeye na wote waliosalia, na waliishi katika mtaa wa Kando, huko huko chini ya madaraja. Tavrin iliwapokea lakini haikuwaandika, na nchi yao haikuwepo kuwaandika, basi hawakuweza kukaa rasmi wala kuondoka. Aliyaeleza hayo bila kulalamika, kama mtu anayekueleza barabara ya kwenda sokoni. Kisha akaeleza na barabara yenyewe: kilima kipi, ngazi ipi, ukiona mnara wa maji umeshapita.

Mwantumu angeweza kuondoka hapo. Lakini Ilke akamuuliza Muheza ni mji wa namna gani, na ulimi uliokuwa umefungwa tangu bandarini ukafunguka wenyewe. Akasimulia machungwa yanavyorundikwa kando ya barabara mpaka magari yanapunguza mwendo kwa harufu tu. Akasimulia mvua ya Machi juu ya bati, na shangazi yake aliyekuwa akizungumza na kuku kwa majina. Ilke alicheka pale pa kucheka. Ukungu ukainuka darajani, na Mwantumu akagundua kwamba kwa muda wote huo hakuwa ameogopa.

Akasimama, akajifuta mikono. Na kwa kuwa alikuwa ameshiba, ameburudika, na amelelewa vizuri, akasema ambalo asingeweza kuondoka bila kulisema.

"Karibu kwetu Muheza, dada Ilke."

Koo likatetemeka kwa muda mrefu kuliko kawaida. Ilke akasimama na upawa hewani. Akamwomba arudie.

"Karibu sana. Usisite. Nyumba ni yako."

"Lini?"

Muheza hakuna anayeuliza lini. Ukiuliza lini umeiharibu. Mwantumu akacheka, akaona ni wa kumtoa wasiwasi, akaongeza kile kinachoongezwa siku zote.

"Wakati wowote. Hata kesho."

Juu ya nguzo iliyokuwa kando ya daraja, taa ndogo ikawaka rangi ya chungwa. Mwantumu aliiona, akadhani ni saa yake ya kuwaka.

*

Asubuhi Odvar aligonga mlango, akasema ana mgeni.

Ilke alikuwa amesimama ukumbini na furushi lililofungwa kwa kamba. Amevaa koti zuri, la kuazima pengine, mikono mirefu kuliko mikono yake. Kitambaa cha bluu kilikuwa kimefuliwa na bado kilikuwa na unyevu.

"Leo ndiyo kesho," alisema.

Mwantumu alimkaribisha akae, kisha akashtuka kwa neno lenyewe, akaishia kumwonyesha kiti kwa mkono. Odvar ndiye aliyemweleza, taratibu, akiona kwamba mgeni wake hajui alichofanya. Watu wa Kando wana njia moja tu ya kutoka Tavrin: mtu wa nchi nyingine awaalike kwa koo lake mwenyewe, mbele ya nguzo. Nchi nyingi zimekubali kuupokea mwaliko wa namna hiyo, kwa kuwa ni mwaliko pekee duniani usioghushiwa, na nchi ya Mwantumu ni mojawapo. Aliyealikwa hutoa nafasi yake Kando siku hiyo hiyo. Dirisha la supu lilikuwa na mtu mwingine sasa. Kitanda pia. Kilichobaki ni mwenyeji kwenda Ofisi ya Maneno kuuthibitisha mwaliko au kuukana.

"Nikithibitisha?" Mwantumu aliuliza.

Ukithibitisha, Odvar alisema, unakuwa mwenyeji wake maisha yote. Analala chini ya paa lako. Huondoki bila yeye.

"Na nikikana?"

Odvar akatazama sakafu. Aliyealikwa akakanwa, alisema, anawekewa alama, na hakuna mwaliko mwingine utakaomshika tena.

Mwantumu alipanda chumbani akampigia dada yake Hadia. Huko Muheza kulikuwa na kelele za kawaida, mtoto analia, mtu anauliza chumvi iko wapi. Alieleza upesi upesi, akirukaruka. Hadia alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Kwani ulimkaribisha kweli, au ulikaribisha tu?"

"Nilikaribisha tu."

"Sasa si umwambie."

Alijaribu kueleza kwamba Kitavrin hakina tofauti hiyo. Hadia akaguna. Akamkumbusha Bwana Kilua, yule fundi wa saa ambaye baba yao alimwambia karibu safarini, na ambaye alikaribia kweli, na sanduku lake na mkewe na kikohozi chake, wakakaa mpaka Mwantumu akamaliza shule ya msingi. Baba alihama chumba chake. Watoto walisogezwa ukumbini.

"Baba alisema nini siku walipofika?" Mwantumu aliuliza. "Mimi sikumbuki."

"Hakusema kitu. Akachukua sanduku." Hadia akamwelekeza mtu chumvi ilipo. "Lakini baba hakuwa na chumba chenye ufunguo, mdogo wangu. Haikumuuma kama itakavyokuuma wewe. Mimi nakujua. Sema ulikosea, urudi."

*

Ofisi ya Maneno ilikuwa jengo refu lenye mazulia mazito, yaliyotandikwa ili hata kiatu kisiseme kitu. Walikaa benchi moja, furushi katikati yao. Mwantumu alikuwa amekunja mikono kwapani.

Ilke ndiye aliyeanza. Alikuwa amemtazama njia nzima ya kuja, na hakuwa mjinga.

"Kuna mlango wa tatu," alisema. "Watakuonyesha. Ni mwepesi. Mimi sitapata alama, na wewe utaondoka."

"Mlango gani?"

"Unasema neno lenu halina kitu ndani. Kwamba koo lilikosea kulitafsiri, ni namna tu ya kusema."

Akamweleza. Kwao Sorrin, alisema, palikuwa na neno moja la kumwita mtu yeyote wa visiwani, na maana yake ni aliyetoka nami. Mama yako ni hilo, mvuvi wa kisiwa cha mbali ni hilo. Bahari ilipopanda, Tavrin ilikubali kumwandika kila mwenye ndugu mjini, na watu wa Sorrin wakajitokeza wote, kila mmoja akimwonyesha mwingine. Wenye ofisi wakaona hesabu haiwezekani. Wakamwita kijana mmoja aliyekuwa amekwisha kuandikwa, mwenye kazi na nyumba, wakamuuliza kama neno lile lina maana au ni namna tu ya kusema. Kijana akaogopa kwamba atatwishwa watu wote mabegani mwake. Akasema ni namna tu ya kusema.

"Makoo yakajifunza siku hiyo hiyo," Ilke alisema. "Ukilitamka sasa, linatoka kama pumzi. Hata vita havingelifuta namna hiyo."

"Alikuwa mtu mbaya?"

"Alikuwa kaka yangu. Wa tumbo moja. Na hata yeye siwezi kumwita."

Mwantumu alitazama zulia. Akawaza ni watu wangapi wanaosema Kiswahili watakaopita Tavrin baada yake, wapishi wa meli, wanafunzi, wafanyabiashara wa Tanga na Pemba, na kila mmoja siku moja atainua mkono juu ya sahani yake na kumwambia mpita njia karibu, na mpita njia atasikia mtu anapumua.

Halafu akawaza chumba chake. Mlango. Ufunguo. Mtu mmoja akipumua.

Akaanza kuzungumza, na mwanzoni alijiambia kwamba anajaza kimya tu. Alimweleza Ilke kwamba kwao neno hilo haliendi peke yake. Lina majibu. Mtu akikukaribisha chakula nawe hutaki kumpunguzia, husemi hapana, hapana ni jeuri. Unasema asante. Unaweka mkono kifuani, hivi, unainamisha macho kidogo, asante, na yule anajua umekataa, na hakuna aliyeumizwa. Iko asante ya kupokea na iko asante ya kukataa, ni neno lile lile. Tofauti iko kwenye mkono.

"Asante," Ilke alisema, akijaribu, mkono kifuani.

"Ehe. Chini kidogo macho. Hivyo hivyo."

Ilke alirudia, na safari hii ilikuwa sawa kabisa, kama mwanamke yeyote anayepita mlangoni kwa watu wakati wa chakula. Wakatazamana. Ndipo Mwantumu alipoelewa anachokifanya: anamfundisha mtu asiye na kwao namna ya kukataa kwa adabu, ili yeye asilazimike. Uso ukamwaka. Alitaka kusema asahau, hayo hayahusiani, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa na jina lake linaitwa.

*

Msikilizaji wa mashauri aliitwa Rasmo, mtu wa makamo mwenye sauti ya mganga anayebembeleza mgonjwa. Katikati ya meza yake ilisimama nguzo ndogo, na taa yake ilikuwa ya rangi ya chungwa.

Aliwaeleza milango yote mitatu, na alipofika wa tatu sauti yake ikawa laini zaidi. Hutokea mara nyingi, alisema. Lugha za mbali zina mapambo mengi. Hakuna anayelaumiwa, koo linarekebishwa, mwalikwa anarudi alipokuwa, mgeni anapanda meli yake. Kwa kuwa aliona Mwantumu amekauka midomo, hata alimpa sentensi yenyewe.

"Utasema: ni namna tu ya kusema. Basi."

Mwantumu alifungua mdomo. Sentensi ilikuwa fupi na ilikuwa tayari kwenye ulimi. Na isitoshe ilikuwa ya kweli, au nusu yake. Alimkumbuka mama yake kwenye mkeka, wali uliobaki usiotosha watoto, mtu anapita uani, na mama anainua mkono: karibu. Mama hakutaka yule mtu aje. Mama alitaka aje. Yote mawili yalitoka kwa pumzi moja, na Mwantumu mtoto, mwenye njaa, alikuwa akimtazama yule mpita njia usoni kwa hofu, akisubiri. Hofu ile ndiyo iliyokuwa uzito wa neno. Pambo haliogopwi.

"Bibi Shemdoe. Katika lugha yako neno hili lina maana, au halina?"

"Lina maana."

Rasmo akakuna kidevu. "Maana ipi?"

"Ile ile iliyosemwa na koo."

"Na uliikusudia?"

Koo lilikuwa likisoma kila msuli. Lolote ambalo angelisema lingekuwa tendo.

"Niliisema huku naogopa itapokelewa," alijibu. "Bado naogopa. Lakini niliisema, na kwetu ikishasemwa imesemwa."

"Hofu hatuiandiki," alisema Rasmo, kwa upole kabisa. Akamgeukia Ilke. Sheria ilitaka na mwalikwa ajibu, kwa koo lake, kwa lugha yoyote anayopenda.

Ilke alimtazama Mwantumu, aliitazama mikono yake iliyokunjwa kwapani, na mshipa uliokuwa ukiruka chini ya mkanda. Aliona yote yaliyokuwa ya kuonwa. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na ile subira ya mtu anayemfungulia mwingine njia kwenye ngazi nyembamba.

Akaweka mkono kifuani. Akainamisha macho, kidogo tu.

"Asante," alisema.

Ilikuwa kamilifu. Kwa nukta moja Mwantumu alihisi faraja, faraja tupu isiyo na haya. Mwanamke huyu amekataa. Amekataa vizuri kuliko mtu wa Muheza.

Rasmo akaitikia kwa kichwa, akagusa nguzo. Taa ikageuka kijani.

Mwantumu akaitazama ile kijani bila kuielewa. Kisha koo likamnong'oneza, yeye peke yake, kwa Kiswahili safi: mwalikwa ameshukuru na kupokea; umekuwa mwenyeji wake.

Koo husoma shingo. Haliwezi kuona mkono.

Ilke alikuwa ameshainuka, anafunga kamba ya furushi, mgongo umeinama kidogo chini ya koti la kuazima. Yeye hakunong'onezwa kitu. Kwake taa ya kijani ilikuwa na maana moja, kwamba shauri limekwisha na kila mtu ameridhika. Rasmo alikuwa tayari anavuta jambo jingine mezani. Katika chumba kizima palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwamba jibu lililohifadhiwa si jibu lililotolewa.

"Kabla sijafunga," Rasmo alisema bila kuinua uso, "kuna la kusahihisha?"

Ingetosha kueleza maana ya mkono. Maneno machache, ya kweli yote, na yangekuwa haki ya Ilke aliyesema hapana. Angerudi Muheza akiwa hakukana mtu wala kuliua neno. Mikono yake ingekuwa safi kabisa, na mlango wa chumba chake ungefungwa kwa ndani.

Alimtazama Ilke akikaza fundo la furushi.

"Hakuna," alisema Mwantumu.

*

Nje manyunyu yalikuwa yamerudi. Walisimama juu ya ngazi za ofisi, mahali zinapogawanyika, upande mmoja kwenda madarajani na upande mwingine kwenda bandarini. Watu walipita kimya na kola zao zimeinuliwa.

"Nililisema vizuri?" Ilke aliuliza.

"Vizuri kabisa."

Ilke akaitikia kwa kichwa, akaridhika kama mtu aliyefaulu mtihani mdogo. Akalitupia furushi begani, akaanza kushuka upande wa Kando, ambako hakukuwa na dirisha wala kitanda kinachomsubiri. Alishuka bila haraka, akishika ukuta kwa sababu mawe yaliteleza.

"Siyo huko, dada."

Ilke akageuka. "Nilikataa," alisema.

"Nilikuona."

"Basi?"

"Wao hawakukuona. Wameandika umekubali. Nimeulizwa, sikusahihisha." Sauti ilikuwa ikimtetemeka, na koo likaitoa hivyo hivyo, na mtetemo wake. "Kama kweli hutaki kuja, rudi ndani ukawaambie. Nitakueleza la kusema, na sitakuwa na kinyongo. Lakini kama ulikataa kwa ajili yangu, usirudi."

Ilke alisimama mpaka kitambaa chake cha bluu kikalowa tena. Alitazama mlango wa ofisi. Alitazama madaraja. Midomo yake ilitikisika, na kutoka kwenye koo lake ikatoka pumzi tu, fupi, isiyo na tafsiri. Mwantumu hakuhitaji kuambiwa ni neno gani.

Kisha Ilke akapanda ngazi, moja baada ya nyingine, mpaka wakawa sawa.

Mwantumu akashika upande mmoja wa furushi. Lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana. Hofu haikuwa imekwenda popote. Ilikuwa pale pale kifuani, imekaa kama mtu aliyefika na hana mpango wa kuondoka.

"Chumba ni kidogo, nakwambia mapema," alisema. "Na ninakoroma."